Sahani ya Matunda na Salamu za Mama

Magogwe ukiyamwagia maji ya moto yanatoa harufu ambayo siwezi kuifananisha na kitu. Inachoma kidogo puani, halafu nyuma yake unakuja utamu. Ganda linalegea, unalivuta kwa kucha linatoka zima, na vidole vinabaki vyekundu mpaka kesho yake. Wengine wanayaita matunda damu. Sisi tulikulia kusema magogwe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nayamenya na wanangu wawili hapa Iyunga. Mwalimu wao kawaambia wale matunda ya rangi nyingi, basi siku hizi kila mwisho wa wiki tunajazana jikoni, mimi nakata wao wanapanga. Siku hiyo walipanga vipande vikawa samaki. Mkubwa, msichana wa miaka minane, akaibeba sahani kumpelekea baba yake sebuleni. Nikamsikia anasema, "Baba, nimetengeneza mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Ni neno dogo, mtoto yeyote angelisema. Mdogo wake alikuja juu, "Muongo! Macho nimeweka mimi!" na baba yao akacheka, yakaisha. Lakini mimi niliweka kisu chini nikakalia ndoo, maana neno hilo nililisema nikiwa na umri wake, na aliyeumia nalo ni mama yangu.

Mpaka jana sikuwahi kulisimulia likiwa zima. Nimejaribu kuliandika mara tatu. Kila nikirudia kusoma naona nimejipendelea, au nimempendelea Mama, nachana karatasi. Safari hii nitajitahidi kumpa kila mtu haki yake, hata Shangazi. Wenzangu mliokuwa watoto wakati mmoja na mimi mtanisahihisha mkiona napotoka.

Mama ni Mhehe wa Mlandege, Iringa. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, akifanya kazi relini, siku nyingine haonekani nyumbani siku tatu au nne. Tulikaa hapa hapa Iyunga, nyumba ya vyumba viwili na sebule, jiko likiwa nje, upande wa pili wa ua. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Neema, ambaye alikuwa hajaanza shule.

Wakati wa baridi, ule ambao asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni, Baba alimleta Babu, baba yake mzazi, akatibiwe mjini. Babu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alisema lazima utolewe, ila mzee amedhoofu mno na damu yake ni ndogo, hawezi kupasuliwa akiwa vile. Akale kwanza, nguvu zikirudi aletwe. Ndivyo Babu alivyobaki kwetu, koti lake zito mwilini na fimbo mkononi, akiota jua barazani kuanzia saa tatu.

Mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza. Alikuwa akiniita mke wangu, kama mababu wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na akimwita Neema mke mdogo. "Mke wangu, nyumba hii ina baridi, mnataka nife nikupunguzieni kazi?" Nikicheka anasema, "Anacheka huyu. Ameshapata mume mwingine."

Lililonichanganya ni jambo moja. Kila Babu alipotaka kuingia uani, labda anakwenda chooni, alikuwa anasimama kwenye kona ya nyumba na kukohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa, kilikuwa cha makusudi, mara mbili, kwa nguvu, na fimbo anaigonga chini. Mama akisikia tu, anaacha alichoshika. Anavuta kitenge kichwani, anainama, anakwenda kujibanza nyuma ya rundo la kuni mpaka Babu apite. Siku moja aliacha ugali jikoni ukaungua. Siku nyingine alikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, akachuchumaa nalo kule nyuma kama mtu aliyefumaniwa anaiba.

Nilimwuliza. "Mama, kwa nini unamkimbia Babu?"

"Simkimbii. Namheshimu."

"Heshima ya kujificha nyuma ya kuni?"

"Kwa watu wa baba yako ndivyo. Mke wa mwana hamwangalii baba mkwe usoni, wala hawakai chumba kimoja. Kwetu hatuna hivyo, lakini mimi nimeolewa huku."

Alinieleza vizuri kabisa, sitaki mtu amlaumu kwamba hakunieleza. Mimi ndiye sikuamini. Nilishajua kwamba watu wazima wana maneno ya kufunikia mambo, kama mtu akifa wanakwambia amesafiri. Nilichoona kwa macho yangu ni mzee anakohoa na mama yangu anatoka mbio, kama kuku anavyofukuzwa kwenye mahindi.

Halafu kulikuwa na Atu, rafiki yangu wa nyumba ya jirani, ambaye siku moja tukicheza alisema, "Babu yako hataki kumwona mama yako kwa sababu Wahehe wanakula mbwa."

"Na nyie Wanyakyusa mnakula ndizi mpaka mnaota mkia."

"Na wewe ni nusu! Unaota mkia halafu unaula!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ulikuwa utani, kila mtu Mbeya amewahi kutaniwa hivyo au kutania, na Atu hakuwa na ubaya. Lakini lile la kwamba Babu hataki kumwona lilibaki kichwani mwangu baada ya kicheko kuisha.

Shida ya Babu ilikuwa kula. Ugali alikuwa anamega matonge matatu, basi. Mchuzi alionja. Meno alikuwa nayo manne. Muuguzi alimwambia Baba, mpeni matunda, ya rangi rangi, mekundu na ya njano na ya kijani, yatamrudishia hamu. Baba akanunua papai kubwa gengeni, akalikata vipande vinne, akamwekea mbele. Babu akaliangalia.

"Hili nini?"

"Papai, Baba. Daktari kasema."

"Matunda ni ya watoto na nyani. Mimi mtu mzima nikae hapa barazani nafyonza papai, watu wanapita barabarani wananiona?"

Papai lilirudi jikoni kama lilivyo. Baba alikwenda kazini akiwa na uso mzito. Mama alilitazama lile papai muda mrefu. Baadaye niliambiwa kilichokuwa kinamsumbua, na nakiandika hapa kwa sababu bila hicho hamtamwelewa. Mzee alikuwa mikononi mwake. Angefia kwake kwa kutokula, Rungwe nzima ingesema Mhehe amemuua kwa njaa baba wa mumewe, na hakuna ambaye angemwuliza alipika nini.

"Basi tumpe la mtoto," akasema.

Akatuita mimi na Neema, akatupa visu, mimi chenye makali, Neema kile cha kupakia siagi. Akatufundisha. Ndizi mbivu unakata viduara. Papai unalilaza ubavu, unatoa vipande vyembamba vilivyopinda. Parachichi unalipasua katikati, unatoa kokwa, kile kishimo kinakuwa kikombe. Pesheni yeye mwenyewe alizikamua kwenye chujio, juisi akaijaza kwenye kishimo, ili zile mbegu zisimsumbue mzee kwenye fizi. Magogwe aliyamwagia maji ya moto, akayamenya, sisi tukayakata mapande, na ndani tukakuta ua jeusi ambalo sikuwahi kuliona nilipokuwa nayafyonza tu kwa tundu. Ndizi na parachichi tulizikamulia limao zisigeuke rangi. Halafu akatupa sahani nyeupe ya wageni, akasema pangeni kitu.

Tulipanga kuku. Mwili parachichi, mkia papai, upanga wa kichwani gogwe, na mbegu moja ya papai ikawa jicho.

"Mpelekee Babu," Mama akaniambia. "Piga goti, mpe kwa mikono miwili, useme, 'Mama anakusalimu.' Mimi siwezi kumsalimia mwenyewe, kwa hiyo salamu zangu ndiyo wewe. Umesikia? Usisahau."

Sikusahau. Hilo nataka lieleweke. Kutoka jikoni mpaka barazani zilikuwa hatua ishirini na mbili, nilikuwa nazihesabu kila siku, na hatua zote hizo nilikuwa na lile neno mdomoni. Lakini nilipokata kona nikawaza, akijua yametoka kwa Mama hatakula. Yatarudi kama papai. Nikapiga goti, nikanyamaza.

"Mke wangu, umeniletea nini?"

"Kuku."

Babu aliinama kutazama. "Kuku gani huyu ana mkia wa papai?"

"Wa kwetu wako hivyo."

Akacheka mpaka akashika tumbo lile lenye uvimbe. Akachukua ule upanga wa gogwe, akautia mdomoni, akakunja uso kwa uchachu, akachukua kipande kingine. "Nani ametengeneza?"

"Mimi, Babu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mkia nimeweka mimi!" Neema akapiga kelele, maana alikuwa amenifuata.

Alimla kuku yule mpaka jicho. Watu walipita barabarani, wakamwona, wala hakujali, maana alikuwa anacheza na wajukuu. Sasa niseme na hili: hofu ilikuwepo, ni kweli, lakini pia niliona utamu kusifiwa. Siwezi kujua leo lipi lilikuwa kubwa zaidi. Nikisema ni hofu tupu nitakuwa najipaka mafuta.

Nilirudisha sahani jikoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Amekula?"

"Amemaliza."

Alishika kifua. "Salamu amejibuje?"

"Hajasema kitu."

Nikaona uso wake unavyoshuka. Alichukua sahani akaosha. Kwa hiyo kesho yake, tulipopeleka jua lenye miale ya papai, na Mama akauliza tena amejibuje, nilisema, "Amesema ndaga," ile asante ya Kinyakyusa. Mama alicheka kama msichana. "Ndaga," akairudia, kwa ulimi wake wa Kihehe. "Amesema ndaga!"

Kuanzia hapo sikuweza kuacha. Kila siku tulipeleka picha mpya: treni, nyumba, samaki, siku moja Neema akataka tumpange mchungaji, akatoka mnene kama boga. Babu akawa anauliza asubuhi, "Leo tunakula nini, tunakula gari au tunakula mtu?" Na kila siku nilizimeza salamu za Mama pale kwenye kona, nikarudi jikoni na majibu niliyoyatunga mwenyewe. Amesema Mungu akubariki. Amesema pesheni ni tamu. Amesema Iringa kuna watu wema. Mama alikuwa anaimba akichambua mboga. Nilijiona nimewapatanisha.

Babu alianza kurudisha mwili. Vipimo vya damu vilipanda, daktari akasema wiki moja nyingine tu.

Ndipo Shangazi akaja kutoka Rungwe, dada mkubwa wa Baba, na mkungu wa ndizi kichwani. Shangazi ndiye aliyemtunza Babu miaka yote ya ujane wake, akimfulia, akimpikia, akiamka naye. Alikuwa na haki ya kuuliza, na aliuliza mbele yangu, nikiwa nimepiga goti natoa vyombo.

"Wanakutunzaje hapa, Baba?"

"Mwanangu hana neno," Babu akasema. "Na huyu mke wangu ananilisha, bila yeye ningekuwa nimeshakwenda. Mama yake ndiyo sijui nimemkosea nini. Chakula naona kinakuja, lakini wiki ya tatu hii, hata salamu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza mahali panapouma. Nilibeba vyombo nikaenda kuvitua jikoni.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya kanisa. Sebuleni walikuwa Babu, Baba na Shangazi. Mama hakuweza kuingia, Babu akiwa mle, kwa hiyo alikaa nje chini ya dirisha, mgongo ameupa ukuta, ili asikie bila kuonana naye. Mimi Babu aliniita nikae karibu na kiti chake.

Shangazi alisema kwa kuelekea dirishani. "Wifi, mzee yuko kwako wiki ya tatu. Hujamtumia hata salamu kupitia kwa mtoto. Hivi kwenu Iringa ndivyo mnavyokaa na wakwe?"

Nje kimya.

"Mnamsikia? Kimya hivyo hivyo."

"Dada, ngoja kwanza," Baba akasema. Akasogea dirishani. "Mama Neema, unasema nini?"

Sauti ya Mama ilitoka chini, ndogo. "Waulize, matunda hayafiki?"

Babu alisikia. Alijibu akimwangalia Baba, kwa kuwa naye hakuruhusiwa kumjibu Mama moja kwa moja. "Matunda yanafika kila siku. Anatengeneza mke wangu." Akaniwekea mkono kichwani. "Si wewe?"

Wote wakanitazama. Mkono wa Babu ulikuwa wa moto na mzito. Nilijua ndani ya pumzi ile kwamba nikisema hapana, kila kitu kitakaa sawa, na kwamba nikisema ndiyo, sijui nini kitatokea. Nimekwenda na kurudi kwenye pumzi ile miaka mingi. Nilisema, "Ndiyo."

Nadhani ni hapo Mama alipoelewa: salamu zake hazikuwahi kufika, na zile ndaga zote, na Mungu akubariki, zilikuwa zangu. Alikuwa na maneno manne tu ya kusema, mtoto huyu ni muongo, na angekuwa amesalimika. Nilisubiri ayaseme.

"Ni kweli," Mama akasema. "Watoto ndio wanaotengeneza. Mwambie mzee nimekosa. Kazi zilinizidi, salamu nikazisahau. Anisamehe."

Baba alikaa pale dirishani akitazama nje. Sijui kama alijua. Alishawahi kumkuta Mama na chujio la pesheni, lakini amekwisha kufa na siwezi kumsemea.

Shangazi alimtoza Mama jogoo, kwa ajili ya kumrudishia mzee heshima. Jogoo akachinjwa siku hiyo hiyo. Babu alionja mchuzi, akasukuma sahani. "Na matunda ya mke wangu je, leo hakuna?"

Nilikwenda jikoni nikijua napigwa. Mama alikuwa ameshayamwagia magogwe maji ya moto. Hakunitazama. Alinipa kisu akasema, "Kata ndizi." Nilikata. Aliniachia nipange peke yangu na Neema, tukapanga ua, na nilipoinua sahani nikamwambia, "Leo nitasema."

"Haya."

Nilipiga goti mbele ya Babu nikasema, "Mama anakusalimu."

Babu alichukua kipande cha papai. "Eh," akasema, si kwangu, kwa Shangazi. "Leo ndiyo wanakumbuka. Baada ya kikao."

Akala. Alikula yote. Nikarudi na sahani tupu, nikasimama mbele ya Mama, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza amejibuje. Hakuniuliza tena siku zote zilizobaki.

Babu alipasuliwa, akapona, akarudi Rungwe kwa miguu yake. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila nilipokwenda likizo aliniita mke wangu na kuuliza kuku wangu wenye mkia wa papai wako wapi. Nilipata nafasi za kumwambia, si moja. Sikumwambia. Nilikuwa mkubwa wakati Baba, tukiongea mengine kabisa, aliponieleza kile kikohozi. "Mzee alikuwa anampa mama yako nafasi. Yeye ndiye mkubwa, angeweza kupita tu na mama yako ndiye angeaibika. Lakini alikuwa anasimama na miguu ile mibovu, anakohoa, anasubiri mpaka asikie ametulia." Kumbe heshima ilikuwa inakwenda na kurudi, na mimi katikati nikaiona ni ugomvi.

Upande wa Baba, lile jambo halikufa. Kwenye harusi, kwenye misiba, Shangazi alikuwa hakosi kulitaja. "Huyu ndiye aliyemnyima baba yangu salamu." Mara nyingine kwa kucheka, mara nyingine hapana. Siku ya msiba wa Babu, Mama alikaa na wageni kwenye turubai la pembeni, mwanamke aliyemkamulia pesheni. Baba naye alipofariki, Mama akafunga vitu vyake akarudi Mlandege kwa ndugu zake. Shangazi hakuja kumuaga. Tangu hapo hawakuwahi kuongea.

Jumamosi ile, watoto walipokwenda kucheza, nilimpigia Mama.

"Mama, unayakumbuka matunda ya Babu?"

"Nayakumbuka. Mwaka ule parachichi zilikuwa nzuri."

"Kwa nini hukusema kwamba nimedanganya?"

Nikasikia kuku wa Mlandege wanalia nyuma yake. "Alikuwa anakula," akasema.

"Hiyo tu?"

"Ilikuwa ndogo? Ningesema, wangekugeukia wewe, ungelia, mzee angeona aibu, sahani ingerudi imejaa. Na daktari alisema wiki moja." Halafu akaongeza, kavu, "Na wangeuliza mtoto kajifunza wapi uongo. Si wangesema kwa mama yake Mhehe? Jogoo angetoka tu."

"Nataka nikamwambie Shangazi."

"Muache. Amezeeka, unamtia uchungu bure." Kisha akauliza, "Unataka umwambie kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Hata sasa ninapoandika sijui. Lakini jana, Jumapili, nilikwenda Rungwe.

Shangazi nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Magoti yamemwisha, macho bado makali. Nilikaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote, tangu kikohozi mpaka hatua ishirini na mbili. Hakunikatiza.

"Rudia pale," akasema. "Salamu zilikuwa zinatoka?"

"Kila siku, Shangazi. Goti nilikuwa napiga, salamu ndiyo sisemi."

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa uani, akaokota lingine. "Basi nimemnunia mwanamke wa watu bure."

"Mlidanganywa, Shangazi."

"Usinitetee." Akasukuma ungo. "Na yeye kwa nini asiseme? Mdomo alikuwa nao! Akae chini ya dirisha ajifanye mwema, mimi nionekane shetani miaka yote hii?"

Na mimi nimewahi kuwaza hivyo, siku zangu mbaya. Alikaa anapumua kwa nguvu. Baadaye akasema kwa sauti nyingine, "Na yule jogoo nilimla mimi. Mapaja yote mawili."

Nilimwangalia, akaniangalia, tukacheka kidogo, kicheko kilichokuwa na aibu. Akajifuta macho kwa kitenge. "Ukienda Iringa mwambie mama yako nimemsalimu."

"Hapana, Shangazi."

"Hapana nini?"

"Mimi salamu zenu sibebi. Mpigie mwenyewe."

"Nimwambie nini sasa, we mtoto?"

"Sijui."

Nilitafuta namba, nikabonyeza, nikamshikisha simu. Aliishika mbali na sikio kama kitu kinachounguza. Nikasikia sauti ya Mama, "Halo, mwanangu, umeshakula?"

Shangazi akaisogeza simu karibu. "Si mwanao," akasema. "Ni mimi, wifi yako."

Nilitoka nje mpaka kwenye migomba, mbali nisisikie, nikakaa juu ya jiwe. Mara moja sauti ya Shangazi ilipanda, nikasimama, ikashuka, nikakaa. Jua lilihama kutoka miguuni kwangu mpaka kwenye ukuta. Hatimaye nikamwona amesimama mlangoni, mkono mmoja ameshikilia fremu, mwingine ananipungia simu yangu.

"Imekata! Haina hela hii," akaniita. "Nenda dukani kaweke vocha, hatujamaliza."